Nani ameshika swichi ya runinga yetu?

Leo naweka programu kando kidogo. Jirani hapa Nyaramba ameniuliza: serikali inawezaje kuzima runinga?

Zamani haikuwa na haja ya kuzima. Mwaka 1964 iliitaifisha, ikawa Sauti ya Kenya, stesheni moja tu ya serikali. KTN ndiyo ya kwanza ya binafsi, 1990. Tume ya Mawasiliano (CCK) ilianza 1999 na simu, posta na masafa. Utangazaji ilikabidhiwa kwa sheria iliyotiwa saini 2 Januari 2009. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 34, ikakataza serikali kuingilia vyombo vya habari.

Karatasi ni nzuri jamani, ila mtambo ni mtambo! Enzi za analogi kila stesheni ilirusha kwa mtambo wake. Tulipohamia dijitali 2015, stesheni nyingi zikabanwa kwenye masafa mamoja, zikarushwa na wasambazaji wachache wenye leseni. Sisi waandika programu tunalijua hili: ukiweka kila kitu kwenye seva moja, swichi nayo ni moja.

Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru 1 Februari zirudishwe; Citizen ilingoja hadi tarehe 8. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilikataza maandamano kurushwa moja kwa moja, mawimbi yakakatwa, mahakama ikasimamisha amri siku hiyo hiyo.

Mara zote mbili matangazo yaliendelea kwenye intaneti, kwa mwenye bando.