Reli ya mchezo na reli ya Matadi
Mwaka wa 2004, Alan R. Moon alitoa mchezo wa ubao uitwao Ticket to Ride. Kila mchezaji ana mabehewa 45 ya plastiki. Anakusanya kadi za rangi ili aunganishe miji, na safari asiyoikamilisha inamkata pointi. Ni mchezo mzuri: unazoesha watu kupanga mapema. Mwaka wa 2012 ukatoka ubao wa Afrika ya kati na ya kusini.

Lakini ubaoni njia inalipwa kwa kadi tu. Reli ya kweli, ya Matadi hadi Léopoldville, leo Kinshasa, ilijengwa kati ya 1890 na 1898. Hesabu rasmi ilitaja waliokufa kazini: Waafrika 1800 na Wazungu 132. Watoto wanaocheza waelezwe na hayo.