Si Laana, Jamani: Ni Mikono Waliyoikataa

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo washkaji wangu wa kijiweni hawanielewi kabisa. Mimi ni mshabiki wa besiboli. Ndiyo, ule mchezo wa Wamarekani wenye rungu, kofia na wachezaji wanaotafuna kitu muda wote. Msicheke. Na timu yangu ni Boston Red Sox.

Ilianza hivi. Nilipomaliza chuo na kuajiriwa gazetini, nilipangiwa zamu ya usiku kwenye dawati la michezo, kazi yangu ikiwa kutafsiri habari za nje. Wakati wa kiangazi chao, Boston wakianza mechi saa moja jioni, hapa Dar ni saa nane usiku. Muda huo ofisini mmebaki wewe, mlinzi na mbu. Kila mechi ya Ulaya imekwisha, na kitu pekee kinachochezwa duniani ni besiboli. Basi nikaanza kuangalia. Nikanasa.

Kwa wale wasioujua mchezo huu: kuna mrushaji na kuna mpigaji, kati yao ni kama mita 18. Mrushaji anavurumisha, mpigaji anajaribu kuupiga. Timu zinapokezana zamu tisa. Mengine yote ni mapambo. Timu yenye wapigaji wakali lakini haina warushaji ni sawa na nyumba yenye sofa nzuri isiyo na paa. Mvua ikinyesha ndipo utajua.

Sasa, ukiwa mshabiki wa Boston, jambo la kwanza utakalosimuliwa ni laana. Hadithi yenyewe iko hivi: Boston ilikuwa baba lao. Ilitwaa ubingwa wa fainali wanazoziita World Series (ingawa dunia haikualikwa) mwaka 1903, 1912, 1915, 1916 na 1918. Ilikuwa na kijana mmoja, Babe Ruth, ambaye watu wengi wanamjua kama mpigaji, lakini Boston alianza kama mrushaji. Mwaka 1916 alishinda mechi 23, mwaka 1917 akashinda 24. Halafu mmiliki wa timu, Harry Frazee, mtu wa biashara ya maigizo ya jukwaani, akamuuza kwa mahasimu wao New York Yankees kwa dola 100,000. Biashara hiyo ilitangazwa Januari 1920. Toka ule ubingwa wa 1918 Boston haikuuona mwingine kwa miaka 86, hadi mwaka 2004. Wakasema ni laana ya Ruth.

Mwandishi mmoja wa Boston, Dan Shaughnessy, aliandika kitabu juu ya laana hiyo mwaka 1990, na jina likawanasa watu midomoni. Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa, kwa sababu mimi pia ni mwandishi, na laana nimewahi kuiandika.

Nitawaeleza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuripoti timu moja (jina naliacha) iliyokuwa imefungwa mechi tatu mfululizo. Mzee mmoja shabiki akaniambia nje ya uwanja, "Mwanangu, hawa vijana wamefanyiwa mambo. Kamati ya ufundi ya wenzetu imetuzidi." Nikaandika. Stori ikatoka vizuri, watu wakaigombania, na mimi nikajiona nimefika. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na golikipa wa timu ile. Hakugomba. Aliniambia tu: "Kaka, umeandika tumerogwa. Mbona hukuuliza kama tumelipwa?" Walikuwa na miezi mitatu bila mshahara, na yeye alikuwa anadaka na kidole kilichoteguka kwa sababu hapakuwa na pesa ya daktari.

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, nikisikia neno laana najiuliza: ni nani hapa anafichwa?

Basi tuirudie Boston kwa jicho hilo.

Kwanza, Ruth hakuondoka peke yake. Warushaji wengine nao walikwenda New York mmoja baada ya mwingine: Carl Mays, Waite Hoyt, Joe Bush, Sam Jones, Herb Pennock. Yankees walipotwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 1923, warushaji wao wakubwa karibu wote walikuwa watoto wa Boston. Huo si uchawi. Ukiuza paa lote ukabaki na sofa, unanyeshewa.

Lakini hiyo inaeleza miaka ya ishirini tu. Frazee aliuza timu mwaka 1923. Mwaka 1933 ikanunuliwa na tajiri mkubwa, Tom Yawkey, ambaye aliimiliki hadi kifo chake mwaka 1976. Pesa ilikuwepo. Miaka 43 bila ubingwa hata mmoja! Kwa nini?

Aprili 16, 1945, vijana watatu weusi waliingia uwanja wa Fenway kufanyiwa majaribio: Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams. Wakati huo besiboli ya ligi kuu ilikuwa ya wazungu watupu. Boston haikuwaita kwa hiari. Diwani mmoja wa jiji, Isadore Muchnick, alikuwa ametishia kuzuia kibali cha timu kucheza siku za Jumapili. Na aliyewaleta vijana wale ni mwandishi wa habari, Wendell Smith wa gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier. Naomba jina hilo mlikumbuke. Mwandishi aliyekataa kuandika tu kwamba mlango umefungwa, akaenda kuugonga.

Vijana wakapiga, wakadaka, wakakimbia. Hawakuitwa tena. Robinson alisajiliwa na Brooklyn Dodgers mwaka huohuo, Aprili 15, 1947 akaingia uwanjani akiwa wa kwanza kuuvunja ukuta ule katika karne ya 20, na mwisho wa msimu akawa mchezaji bora chipukizi. Jethroe akachukuliwa na timu nyingine ya mji uleule, Boston Braves, naye akawa mchezaji bora chipukizi mwaka 1950. Yaani wawili kati ya watatu!

Sasa njooni kwenye warushaji, maana hapo ndipo panaponiuma.

Mwaka 1948 Boston na Cleveland zilimaliza msimu zikiwa sawasawa kabisa, kila moja imeshinda mechi 96 na kupoteza 58. Ikabidi ichezwe mechi moja ya kuamua nani aende fainali. Oktoba 4, Fenway. Kocha wa Boston, Joe McCarthy, akamsimamisha Denny Galehouse, mrushaji wa miaka 36 ambaye hakuna aliyetarajia kumwona siku hiyo. Boston ikafungwa 8 kwa 3. Mpaka leo wazee wa Boston wanamlaumu McCarthy kwa uamuzi ule.

Mimi naangalia upande wa pili. Julai mwaka huohuo Cleveland ilimsajili Satchel Paige, mrushaji mweusi aliyekuwa gumzo la ligi za weusi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisajiliwa siku aliyotimiza miaka 42. Babu kabisa kwa mchezo ule. Akashinda mechi 6 na kupoteza 1. Nje ya Paige walikuwa na Larry Doby, mweusi wa kwanza katika ligi ya upande ule. Timu mbili zilizolingana mpaka mechi ya mwisho, moja ina Paige na Doby, nyingine imefunga mlango. Hapo laana inatoka wapi? Ondoa ushindi mmoja tu kati ya ule sita wa babu yule, na mechi ya Galehouse isingekuwepo.

Boston ilikuwa timu ya mwisho kabisa katika ligi kuu kumchezesha mtu mweusi: Pumpsie Green, Julai 21, 1959, miaka 12 baada ya Robinson. Wiki moja baadaye akaingia Earl Wilson, mrushaji wa kwanza mweusi wa timu ile. Mwaka 1962 Wilson alirusha mechi nzima bila mpinzani kupata pigo hata moja salama, na siku hiyohiyo akaupiga mpira nje ya uwanja yeye mwenyewe. Mwaka 1966, wakiwa kambini Florida, alinyimwa huduma kwenye baa kwa sababu ya rangi yake. Akasema hadharani. Kabla Juni haijaisha, alikuwa ameshapelekwa Detroit.

Mwaka uliofuata, 1967, Wilson alishinda mechi 22 akiwa Detroit. Hakuna aliyemzidi katika ligi yao mwaka ule. Boston bila yeye iliponea chupuchupu, ikatwaa ubingwa wa ligi kwa tofauti ya mechi moja, ikaingia fainali na St. Louis. Mechi ya saba, Boston ikamsimamisha Jim Lonborg akiwa amepumzika siku mbili tu, kwa sababu hapakuwa na mkono mwingine wa kuaminika. Upande wa pili alisimama Bob Gibson, mtu mweusi, aliyeshinda mechi tatu za fainali zile peke yake, na katika mechi ya saba akaupiga mpira nje ya uwanja juu yake. Lonborg alichoka, Gibson akamaliza kazi. Nikiitazama picha ya Lonborg siku ile namkumbuka golikipa wangu mwenye kidole kilichoteguka.

Najua kuna msomaji mjanja atakayeniuliza: mbona Yankees nao hawakuwa na mchezaji mweusi hadi Elston Howard mwaka 1955, na bado walitwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1949 hadi 1953? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba ubaguzi haukuhakikishii kufungwa. Yankees walikuwa na akiba ya warushaji kiasi kwamba wangeweza kuwa wajinga na bado washinde. Boston haikuwa na akiba hiyo. Anayehitaji msaada zaidi ndiye aliyefunga mlango kwa muda mrefu zaidi. Tena hata kama Boston ingeshinda kila mwaka, walichofanyiwa wale vijana mwaka 1945 kingebaki kuwa dhuluma.

Na ile "laana" iliondokaje? Boston ilimchukua Pedro Martinez kutoka Montreal mwishoni mwa mwaka 1997, Mdominika mweusi, mwembamba, ambaye wengi waliona ni mdogo mno kwa kazi ile. Mwaka 1999 alishinda mechi 23 akapoteza 4. Mwaka 2003 kocha alimwacha uwanjani amechoka katika mechi ya saba dhidi ya Yankees, uongozi wa 5 kwa 2 ukayeyuka, na watu wakaimba laana tena. Mwaka 2004 Boston ilikuwa nyuma mechi 3 kwa 0 mbele ya Yankees haohao, ikashinda nne mfululizo, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika besiboli ya ligi kuu kabla wala baada yake. Fainali, mechi ya tatu, Pedro akarusha zamu saba bila kuruhusu chochote. Oktoba 27, 2004, ikaisha. Hakuna kaburi lililofukuliwa, hakuna kuku aliyechinjwa. Mlango ulifunguliwa, mikono ikaingia.

Baada ya hapo ubingwa ukaja 2007, 2013 na 2018. Mwaka 2018 pia jiji lilifuta jina la Yawkey kwenye mtaa ulio pembeni ya uwanja.

Tumaini letu la karibuni linaitwa Garrett Crochet, mrushaji wa mkono wa kushoto. Msimu wa 2025 alishinda mechi 18 akapoteza 5, na aliwatoa wapigaji 255 bila wao kuugusa mpira uingie mchezoni. Kwenye mtoano New York aliwanyamazisha Yankees mechi ya kwanza, 3 kwa 1. Halafu zikabaki mechi mbili zisizokuwa na Crochet, tukafungwa zote. Aliyetumaliza ile ya mwisho, 4 kwa 0, ni Cam Schlittler, kijana aliyelelewa Walpole, jirani kabisa na Boston. Asubuhi ile nilirudi nyumbani na daladala ya kwanza sina hamu ya chai.

Mshkaji mmoja akanitania: "Laana imerudi?"

Nikamwambia hapana. Tuna mkono mmoja, tunahitaji minne. Hilo ni tatizo la hesabu, na hesabu ina mtu wa kuulizwa. Laana haina.

Yule golikipa ameshaacha mpira. Namba yake bado ninayo. Kila nikipewa stori ya timu iliyofungwa, swali langu la kwanza siku hizi ni lake: mmelipwa?