Kutoka Sandarusi hadi Sarafu za Mtandaoni

Katika karne ya 19, Wazaramo wa Kisarawe walipochimba sandarusi na kuichukua hadi pwani, walibadilishana kwa nguo na shanga, hata Wajerumani walipotoza kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898, iliyokadiriwa kwa rupia, ndipo haja ya sarafu ilipozidi. Shilingi ya Benki Kuu ya Tanzania ilitoka mwaka 1966, M-Pesa ikaingia nchini mwaka 2008. Na leo kijana wa Kibaha aweza kutoa akiba yake benki akainunulia sarafu za mtandaoni kwa biashara, ijapokuwa Benki Kuu ilitahadharisha mwaka 2019 kwamba hizo si fedha halali nchini. Ibra yake ni kuwa thamani husimama juu ya amana, na asiyemjua mdhamini wa mali yake huihatarisha.