Pembe ya Mlimani, Sauti ya Baharini

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Mwenye kitabu na akifungue. Mwenye kalamu na aishike. Asiyeona vizuri na aketi karibu na mwenzake, amsomee.

Leo tutazungumza juu ya sanaa ya bahari. Najua wako watakaouliza: "Sisi tuko Moshi. Wengine tuko Marangu, Machame na Kibosho, katikati ya migomba na kahawa. Bahari iko mbali. Sanaa yake inatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, na somo lote la leo ni jibu lake. Jibu kwa maneno machache ni hili: watu wa pwani hawakufanya sanaa yao kwa vitu vya bahari peke yake. Walitumia vitu vya bara pia. Na watu wa mlimani walijipamba kwa vitu vilivyokuja kwa njia ya bahari. Tena pande zote mbili, mikono ilipofanya kazi, sauti nayo iliimba.

NJIA YA MAJI NA NJIA YA WATU

Tazama maji ya mfereji unaopita kando ya kihamba chako. Yanatoka mlimani. Yale yasiyonywewa na migomba huteremka mtoni. Mito ya Kilimanjaro ya upande wa kusini hukutana na mingine, mwisho ikawa mto mmoja mkubwa, mto Pangani. Mto huo huingia katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Na mvua inyeshayo juu ya vihamba vyetu huletwa na pepo zitokazo upande wa bahari. Basi bahari hupanda mlimani kama mvua, na mlima hushuka baharini kama mto.

Watu nao walifanya safari kama hiyo. Misafara ilipanda kutoka Pangani ikifuata mto. Mingine ilitoka Mombasa ikapita Taita. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika nchi ya Wachaga, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vingi humtaja yeye. Lakini kiongozi wa safari yake alikuwa mtu wa pwani, jina lake Bwana Kheri, ambaye aliijua njia. Ina maana kwamba njia ilikuwako kabla ya mgeni kuja kuiandika.

CHOMBO KILICHOSHONWA

Sasa tushuke pwani. Katika karne ya kwanza, yaani karibu miaka 2,000 iliyopita, baharia mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za bahari hii. Alitaja mambo matatu juu ya watu wa pwani yetu. Walikuwa na vyombo vilivyoshonwa. Waliuza pembe za ndovu. Waliuza magamba ya kasa. Tazama: gamba linatoka baharini, pembe inatoka bara, na vyote viwili viko katika soko moja.

Chombo cha kushonwa kiliendelea kuundwa kwa karne nyingi. Kiliitwa mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilitobolewa matundu, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani ya mnazi au mkoma. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia na kuchorwa macho. Hesabu vitu vilivyomo: mbao, kamba, mkeka, rangi. Hakuna hata kimoja kilichotoka ndani ya maji, lakini vikiunganishwa, kazi hiyo ni ya bahari kabisa. Fundi alitumia alichokuwa nacho karibu, akakiunganisha kwa akili.

Viko pia vilivyotoka majini. Mafundi wa pwani walikata matumbawe chini ya maji. Tumbawe bichi ni laini, huchongeka upesi; likikauka huwa gumu kama jiwe. Msikitini Kizimkazi, Unguja, yako maandishi yaliyochongwa katika matumbawe, na mwaka wake ni 1107. Maandishi hayo husomeka hata leo.

SIWA

Andika neno hili daftarini: SIWA. Si-wa. Siwa ni baragumu kubwa. Haipulizwi mwishoni kama tarumbeta. Ina tundu ubavuni, na mpulizaji huweka midomo pale.

Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alitia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi alimlaki kwa muziki. Wareno waliandika kwamba waliona baragumu mbili za pembe za ndovu, zenye kimo cha mtu, zilizochongwa vizuri, zikipulizwa kwa ubavuni pamoja na tarumbeta nyingine. Kwa hiyo mgeni aliyetoka baharini alipokewa kwa sauti iliyotoka katika pembe ya mnyama wa bara.

Ziko siwa mbili mashuhuri kupita zote. Moja ni ya Pate, ya pembe za ndovu, na urefu wake hupita mita 2. Ndovu haishi kisiwani Pate. Pembe ilivushwa kutoka bara. Mafundi waliunganisha vipande, wakachonga nakshi juu yake. Ya pili ni ya Lamu, nayo ni ya shaba iliyoyeyushwa pamoja na madini mengine, ile tunayoiita shaba ya manjano.

Sikiliza namna ya kuifanya siwa ya shaba, maana ni kazi ya ajabu. Kwanza fundi hufanya mfano wake kwa nta ya nyuki. Nakshi zote huchongwa katika nta, kwa kuwa nta ni laini. Kisha huufunika mfano huo kwa udongo, akaacha tundu. Huchoma udongo motoni. Nta huyeyuka na kutoka nje. Ndani hubaki nafasi tupu yenye sura ileile. Ndipo humimina shaba iliyoyeyuka. Ikipoa, huvunja udongo, na siwa iko tayari. Nyuki, udongo, moto na madini: vyote vimeshiriki ili sauti moja itoke.

Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa katika arusi za nyumba kubwa, tohara na kutawazwa kwa wafalme. Mtu asiyekuwa na haki hakuweza kuiagiza. Siku hizi siwa hizo mbili zimewekwa Lamu katika nyumba ya makumbusho.

VITU VILIVYOPANDA MLIMANI

Turudi sasa kwetu. Pembe ziliposhuka, vitu gani vilipanda? Vilipanda nguo, waya wa shaba na wa chuma, na shanga.

Shanga za kioo zilitengenezwa mbali, nyingi Venice katika nchi ya Italia, zikavuka bahari mpaka Unguja, kisha zikachukuliwa bara na wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Aina moja iliyopendwa sana katika misafara ya karne ya 19 iliitwa samesame. Rangi yake ilikuwa nyekundu kama marijani. Marijani ni kitu chekundu kizuri kitokacho baharini. Basi fundi wa kioo aliiga rangi ya bahari, na mwanamke wa bara aliyekuwa hajaiona bahari akaivaa shingoni. Wasafiri waliandika kwamba shanga hizo zilipewa jina la utani lenye maana ya "kuvunja mji," kwa jinsi watu walivyozitaka.

Lakini msifikiri kwamba watu wa mlimani walivaa tu walicholetewa. Wahunzi wa Uchagani waliuchukua waya uliotoka pwani wakafanya mikufu myembamba ya kupendeza. Akina mama walipanga shanga kwa rangi walizozitaka wenyewe. Njuga zilifungwa miguuni, na mchezaji alipopiga hatua, pambo likawa pia ngoma. Kitu kiligeuzwa kuwa cha hapa.

Mlima ulikuwa pia na sanaa yake iliyofungamana na wimbo. Wazee wetu wa Kichaga walikuwa na fimbo iitwayo mregho. Ilichongwa alama nyingi. Mwalimu wa vijana aliishika, akafuata alama zile, na mafunzo yakaimbwa. Fikirini, ninyi mnaojifunza kusoma ukubwani: kabla ya daftari, fimbo ya mti ilisomwa kwa wimbo hapa hapa mlimani.

BEI YA UZURI

Ndugu zangu, historia ya kweli haisemi mazuri peke yake. Vitu hivi vilikuwa na bei, na bei nyingine ilikuwa chungu.

Katika karne ya 19 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho walipigana vita vingi. Rindi alijua Kiswahili na alijua thamani ya misafara. Mateka wa vita waliuzwa, wengine wakapelekwa pwani. Ushanga mzuri uliweza kuwa umelipwa kwa mtoto wa mtu. Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alilazimishwa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Lakini utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Ndovu nao walilipa. Mwaka 1898 ndovu mmoja aliuawa karibu na Kilimanjaro. Pembe zake zilikuwa kubwa kuliko zote zinazojulikana: kila moja karibu kilo 100, na urefu wake zaidi ya mita 3. Ziliuzwa Unguja, na baadaye zikafika London, ambako zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Pembe kama hizo hazionekani tena hapa.

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, mwendo wa kilomita 352. Mizigo ikashuka vichwani mwa wapagazi. Lakini tamaa ya pembe haikuisha. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi. Hata hivyo majangili waliendelea. Katika Tanzania ndovu walihesabiwa kama 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walikuwa kama 43,000. Miaka mitano tu!

Kwa hiyo tunapoisifu siwa ya Pate, tuisifu akili na mkono wa fundi. Tusiseme kwamba pembe ndiyo iliyoifanya iwe nzuri. Siwa ya Lamu ni ya shaba, nayo ni nzuri vilevile. Uzuri hukaa katika kazi. Kitu kinachotumika huweza kubadilishwa.

KAZI YA WIKI HII

Darasa lenu na lifanye picha moja ya safari ya maji, kutoka Kibo mpaka Pangani. Msinunue kitu. Tumieni maganda makavu ya mgomba kwa mlima, mchanga wa mtoni kwa njia ya mto, mbegu na vipande vya nguo kuukuu kwa pwani na mawimbi. Bandikeni kwa uji mzito wa unga juu ya kipande cha boksi. Mmoja wenu na aimbe wimbo wa kazi anaoujua, wengine wabandike kwa kufuata mwendo wa wimbo. Mkimaliza, andikeni chini ya kila kitu jina lake na mahali kilipotoka. Hayo yatakuwa maandishi yenu, na watoto watayasoma.

MANENO YA KUJIFUNZA

Makumbi: nyuzi za ganda la nazi.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Marijani: kitu chekundu cha baharini kitumiwacho kwa mapambo.
Nakshi: mapambo ya kuchonga.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo safarini.

MASWALI

1. Mto gani hupeleka maji ya Kilimanjaro baharini?
2. Mtepe uliundwaje bila misumari?
3. Nta ya nyuki ilikuwa na kazi gani katika kufanya siwa ya shaba?
4. Kwa nini shanga za samesame zilifananishwa na marijani?
5. Chagua pambo moja lililo nyumbani kwako. Limetengenezwa kwa kitu gani? Kimetoka wapi? Nani alilipa, na alilipa nini?

Swali la tano lijibuni kwa sentensi tatu au zaidi, na kila mtu asome jibu lake mbele ya wenzake. Kwa leo tumefika mwisho.