Fibroidi kutolewa kwa matundu: Muulize daktari ameshafanya ngapi

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu kwa daktari. Picha ilikuwa imeonyesha fibroidi mbili kwenye kizazi, moja imezama ndani ya ukuta wake. Naye bado hajazaa. Daktari akamwambia zinaweza kutolewa kwa matundu, bila kupasuliwa tumbo. Mdogo wangu akamuuliza: "Daktari, za namna hii umeshatoa ngapi?"

Niliinamisha kichwa kwa haya. Kwetu daktari haulizwi hivyo. Lakini baada ya kulisoma jambo hili, naona swali lile lilikuwa haki yake.

Fibroidi ni uvimbe unaoota kwenye kizazi, na mara nyingi sana si saratani. Wanawake weusi hupatwa zaidi, tena mapema. Wengine hawahisi kitu. Wengine hutokwa na damu nyingi ya mwezi, huumwa na tumbo au hupata taabu ya kushika mimba.

Katika upasuaji wa matundu, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kamera ikapitishwa kitovuni, na vyombo vyembamba vikapita kwenye matundu mengine madogo. Faida yake ni kuwa maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Kwa daktari, kazi hii ni ngumu. Anatazama skrini, wala hagusi kwa vidole. Akipeleka mkono kulia, ncha ya chombo ndani huenda kushoto, kama nahodha anavyosukuma kana upande huu jahazi likageukia upande wa pili. Kugumu zaidi ni kushona. Fibroidi ikitoka huacha shimo linalovuja damu, nalo lazima lishonwe tabaka kwa tabaka. Lisiposhonwa vizuri, kovu linaweza kupasuka wakati wa mimba au uchungu, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini.

Mjerumani Kurt Semm wa mji wa Kiel, mmoja wa waanzilishi wa njia hii, alitengeneza pia sanduku la mazoezi. Hadi leo madaktari hujifunzia kwenye masanduku kama hayo: kuhamisha vitu vidogo, kukata, kufunga fundo. Kisha humsaidia mkubwa wao, hufanya upasuaji mwepesi, ndipo waingie kwenye fibroidi wakiwa wanasimamiwa.

Maendeleo yao hupimwa kwa muda wa upasuaji, damu iliyopotea, na mara walizolazimika kufungua tumbo. Mwanzoni muda huwa mrefu, hupungua kadiri mkono unavyozoea, kisha hutulia. Lakini idadi peke yake haitoshi. Fibroidi moja ndogo iliyoning'inia nje si sawa na tano zilizozama ndani.

Kwa hivyo, dada yangu, uliza haya:

- Umeshatoa ngapi zinazofanana na zangu, na bado unazifanya mara kwa mara?
- Ni mara ngapi umelazimika kufungua tumbo?
- Kama bado unajifunza, nani atakusimamia?
- Fibroidi itatolewaje? Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa mashine ya kuikatakata ndani ya tumbo inaweza kutawanya saratani iliyojificha. Uliza kama itakatwa ndani ya mfuko maalumu.
- Nikishika mimba baadaye, nijifungue vipi?

Daktari akilazimika kufungua tumbo, usidhani ameshindwa. Huenda ndiyo busara iliyookoa maisha. Na kupasuliwa tumbo na mkono uliozoea ni afadhali kuliko matundu ya mkono unaosita.

Daktari wetu hakukasirika. Alisema zile za juu amezitoa nyingi, lakini hii iliyozama angependa mkubwa wake awepo. Tulingoja wiki tatu zaidi. Mamangu alinung'unika, mdogo wangu akamjibu: "Mama, chelewa ufike."