Kutengeneza bodi au kuibadilisha: historia ya redio zetu mjini Goma

Ukipeleka redio iliyonyamaza kwa fundi wa Birere au wa soko la Virunga siku hizi, utaulizwa jambo moja kabla hata ya kutajiwa bei. Fundi aitafute kasoro ndani ya bodi ya zamani na kuitengeneza, au aing'oe bodi yote na kuweka mpya iliyotoka China, ile ndogo yenye FM na tundu la USB? Watu wengi hujibu haraka: weka mpya. Baadaye wengine hurudi kulalamika kwamba redio inalia vizuri hapa mjini, lakini walipofika kijijini haikushika kitu.

Kwa familia ambazo zimehama mara mbili au tatu zikiwa na redio moja kwenye mzigo, swali hili si dogo. Na lina historia ndefu kuliko umri wa wengi wetu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Bodi ni kile kibao chembamba cha kahawia au kijani ndani ya redio. Upande mmoja kuna vidude vidogo vya rangi mbalimbali, upande mwingine kuna njia za shaba zilizobandikwa badala ya nyaya. Redio za kwanza zilizofika Kongo hazikuwa nacho kabisa. Radio Congo Belge ilipoanza kutangaza kutoka Léopoldville mwaka 1940, vyombo vya kuisikiliza vilikuwa makabati ya mbao yenye lampu za kioo ndani, vizito na vyenye njaa ya umeme. Kila kidude kiliunganishwa na kingine kwa waya uliolehemewa kwa mkono. Lampu ikiungua, uliichomoa kwenye tundu lake na kuchomeka nyingine, kama vile taa ya nyumbani. Kutengeneza na kubadilisha vilikuwa kazi ileile.

Majirani zetu wa kusini ndio waliopata redio ya raia wa kawaida mapema. Mwaka 1949, kule Lusaka, afisa wa Kiingereza aitwaye Harry Franklin alikubaliana na kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya lampu inayotumia betri, na mwili wake ukawa wa umbo la sufuria. Iliuzwa pauni 5, na watu wakaiita redio ya sufuria. Kwa mfanyakazi wa wakati ule bado zilikuwa pesa nyingi, lakini kwa mara ya kwanza chombo kilitengenezwa kwa kumfikiria mtu ambaye hana umeme nyumbani.

Bodi yenyewe ilikuwa imekwisha kubuniwa. Paul Eisler, mhandisi kutoka Austria aliyekimbilia London, alitengeneza redio yenye njia za shaba zilizochapwa mwaka 1936. Transista ilizaliwa Marekani Desemba 1947, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista, Regency TR-1, ikaingia madukani ikiwa na transista nne tu. Mwaka uliofuata Sony ya Japani ikatoa ya kwake. Tangu hapo redio ikawa kitu cha kubeba begani. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, habari za Kinshasa ya leo zilianza kufika milimani zikitoka kwenye kisanduku chenye betri, zile tunazoziita pili.

Bodi za miaka hiyo zilikuwa rafiki wa fundi. Vidude vilikuwa vikubwa, vina rangi na namba, na njia za shaba unaweza kuzifuata kwa jicho kuanzia antena hadi spika. Kijana aliyeishia darasa la sita aliweza kukaa miezi kando ya fundi mkubwa na kujifunza kuisoma bodi kama ramani ya kijiji. Vipuri vilipatikana kwa wafanyabiashara wa kigeni mijini. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa. Wengi waliopokea maduka hawakujua kuyaendesha, bidhaa zikaadimika, na vipuri vya redio havikusalimika.

Naamini ufundi tunaoujua leo ulikomaa katika uhaba ule. Fundi hakuwa tena na duka la kununua transista, basi akaitoa kwenye redio iliyokufa. Nenda kwa fundi yeyote wa umri mkubwa utazame nyuma ya kiti chake: kuna rafu, au gunia, au katoni iliyojaa maiti za redio. Mpita njia huona takataka. Kumbe ndiyo ghala lake. Kila mzoga unajulikana: huu spika yake ni nzima, ule koili zake ni nzima, ule pale umebaki na kitasa cha sauti tu. Umeme ukikosekana, chuma cha kulehemu kinapashwa kwenye mbabula ya makala na kazi inaendelea.

Na mara nyingi kazi yenyewe ni ndogo kuliko mwenye redio anavyodhani. Kinachoua redio zetu kwanza ni betri. Ganda la betri ya bei nafuu ni la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri betri inavyofanya kazi. Ganda likitoboka, uji wa chumvi unavuja, unatafuna vyuma vya kushika betri, halafu unatambaa hadi kwenye bodi na kukata njia za shaba. Familia inakimbia, redio inakaa kwenye gunia wiki tatu na betri ndani, na ikifunguliwa unakuta ukungu wa kijani. Hapo fundi husugua, hukausha, kisha huruka sehemu iliyoliwa kwa kipande cha waya. Cha pili ni kapasita, ambayo waliosoma ufundi kwa Kifaransa huiita kondansateri. Ina majimaji ndani, na baada ya miaka mingi na joto yanakauka; redio inaanza kunguruma au sauti inafifia. Cha tatu ni mtikisiko: risasi ya kulehemu inapasuka ufa usioonekana, redio inalia ukiigonga na kunyamaza ukiiacha. Barabara ya Sake kwenda Masisi imepasua bodi nyingi kwa njia hiyo.

Ubishi huu hauko Goma peke yake. Marekani na Ulaya kuna watu wanaotunza mashine za zamani za mchezo wa mpira wa chuma, zile ambazo Wafaransa huziita flipper, zilizotoka viwanda vya Chicago kama Bally, Williams na Gottlieb. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashine hizo zilianza kuendeshwa kwa bodi za elektroniki, na juu ya bodi kukawekwa betri ya kutunza kumbukumbu. Miaka ikapita, betri zikavuja, bodi zikaliwa. Leo wenye mashine hizo wamegawanyika: wengine husafisha na kulehemu njia moja moja, wengine hununua bodi mpya iliyotengenezwa kuiga ile ya zamani. Adui ni yuleyule wa Birere. Tofauti ni kwamba bodi mpya ya mashine yao hufanya kila kitu ambacho ya zamani ilifanya. Ya kwetu haifanyi, na nitaeleza.

Lakini kwanza miaka ya mitikisiko. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, na redio ikawa suala la uhai: nani amepotea, maji yako wapi, kipindupindu kimefika wapi. Mwaka huohuo Radio Agatashya ilianza Bukavu kwa ajili ya watu hao. Jina lake ni mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Miaka ileile Mwingereza Trevor Baylis alikuwa amebuni redio ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji betri, ambayo baadaye ikatengenezwa Cape Town.

Halafu tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikafunguka. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika maduka ya kati na sehemu ya uwanja wa ndege. Tunahesabu nyumba, na ni haki, lakini fundi aliyekuwa na kibanda kwenye njia ya lava alipoteza pia zile rafu za mizoga alizozikusanya miaka mingi. Vipuri vya namna hiyo hakuna msaada wa kibinadamu unaovirudisha. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Februari 2002, Radio Okapi ikaanza kutangaza nchini. Mji ulikuwa na redio mpya ya kusikiliza, na mafundi wakaanza upya na katoni tupu. Mei 2021 mlima uliporudia, na asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatoa amri ya kuhama kwenye kartiye kumi, wengi waliipata habari hiyo hewani wakiwa bado kitandani.

Wakati huo ndani ya redio mambo yalikuwa yamebadilika. Sony ilitoa chipu iitwayo CXA1191 iliyokusanya karibu redio nzima, FM na AM, ndani ya kidude kimoja, na viwanda vya China vikaijaza katika redio za bei ndogo. Bado ilikuwa na miguu unayoweza kuilehemu. Baadaye zikaja bodi ambazo chipu yake ni tone jeusi la gundi lililomwagwa juu ya shaba. Chini ya tone hilo hakuna fundi anayefika. Likifa, limekufa.

Ndipo ikaja bodi ndogo ya FM na USB. Fundi anachukua radio-kaseti kubwa ya Kijapani ya miaka ya 1980, yenye spika nzuri ambazo leo hazipatikani, anatoa matumbo yake na kuweka kibodi cha ukubwa wa kiberiti. Kazi inaisha haraka na mteja anafurahi: nyimbo kwenye flashi, wakati mwingine hata Bluetooth. Siwezi kuwalaumu mafundi. Kutafuta ufa mmoja katika bodi ya zamani kunaweza kula siku nzima kwa malipo yaleyale.

Kinachopotea hakionekani mezani. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukivuka milima ya Masisi, au ukiingia msitu wa Walikale, mlima unayazuia. Mawimbi mafupi hupaa, hugonga tabaka za juu za anga na kurudi chini mbali sana, ndiyo sababu babu zetu walisikia London na Cologne usiku wakiwa kwenye shamba la ndizi. Kibodi kipya hakina mawimbi mafupi. Anayebadilisha bodi mjini anabadilisha pia umbali ambao redio yake inaweza kusikia, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Kuna watakaosema mawimbi mafupi yanakufa yenyewe. Wana sehemu ya ukweli: Machi 2025 hata Sauti ya Amerika ilinyamazishwa kwa amri ya Washington. Ila RFI bado iko huko. Na tukumbuke mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma: umeme, maji na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa. Simu janja ziligeuka tochi, kisha zikazima. Redio ya betri mbili iliendelea. Mwezi uliofuata kambi kubwa za pembezoni mwa mji zikavunjwa, na watu wakapanda tena milimani, huko ambako FM ya mjini inakatika.

Watu hupenda kusema kwamba kila kidude cha elektroniki kina koltani yetu ya Rubaya ndani. Kwa simu ni kweli, kapasita zake ndogo hutumia tantali inayotoka kwenye koltani. Redio ya bei ndogo haina. Kapasita zake ni za alumini. Fundi wa Birere hatapata utajiri wa Masisi akifungua redio yako.

Basi, kama utabaki mjini na tone jeusi limekufa, weka kibodi kipya bila majuto. Kama unarudi Masisi, Walikale au Lubero, mwombe fundi aangalie kwanza betri, swichi, kapasita na nyufa za risasi, na muulize waziwazi kama mawimbi mafupi yatabaki. Toa betri kabla ya kuweka redio kwenye mzigo. Na ukikubali kubadilisha, ile bodi ya zamani usiitupe: mwachie fundi kwenye rafu yake, kuna redio ya mtu mwingine inaisubiri.