Daraja la Nyerere (Kigamboni)

Daraja la Nyerere, ambalo wengi huliita Daraja la Kigamboni, ni daraja la kulipia jijini Dar es Salaam. Linavuka mkondo wa bahari kati ya Kurasini na Kigamboni, lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na sehemu yake ya kati imeshikiliwa na nyaya za chuma. Rais John Magufuli alilizindua tarehe 19 Aprili 2016 na kulipa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Ujenzi, uliofanywa na kampuni za China, uligharamiwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa asilimia 60 na serikali kwa asilimia 40.

Kabla yake, mkazi wa Kigamboni aliyekwenda mjini alipanga foleni ya pantoni ya Magogoni au alizunguka na gari kupitia Kongowe.

Fedha za NSSF ni akiba za wanachama, na tozo iliwekwa ili zirudi. Waenda kwa miguu hupita bure. Bodaboda, bajaji na magari husimama kibandani kulipa. Malalamiko yalikuwa mengi, na ya haki, kwa kuwa anayevuka kila siku kwenda kazini huumia kuliko anayepita mara mojamoja. Mwaka 2022 serikali ilipunguza viwango. Tofauti na hapa, kwenye Daraja la Tanzanite, jijini humo humo upande wa kaskazini kuelekea Bagamoyo, anayevuka hatozwi kitu.